Farasi Kwenye Kizingiti cha Mama Mdogo Bay

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, usihuzunike. Hukukosa sifa zangu, kwa sababu hazikuwepo.

Mimi ni Thoa, mfua mashuka katika nyumba ya wageni ya Mama Mdogo Bay, uchochoroni, hapa Saigon. Shule niliiacha darasa la nne. Aibu ninayo ya kugawia mtaa mzima. Wiki iliyopita nilieleza jinsi simu ya wageni, ile inayopokea maombi ya vyumba, ilivyolia nikiwa peke yangu, ikatoa maandishi ya Kiingereza na vitufe viwili, chekundu na cha kijani. Nikabonyeza cha kijani kwa sababu ni rangi ya upole. Sikumwambia mtu.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Leo naungama la pili, na la pili lilikuwa na mimba.

Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya Tet, mwaka wetu mpya. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa wageni siku tatu. Mtoto wa Mama mdogo, ambaye ndiye huwapokea wageni, alikuwa kwa wakwe zake Ca Mau. Tulibaki wawili, mimi na Mama mdogo, na tikiti maji kubwa juu ya meza ya madhabahu ya mababu.

Mama mdogo alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya lango.

"Sikiliza, Thoa. Mguu wa kwanza kuvuka kizingiti hiki leo ni wa Mzee Loc. Si wa jirani. Si wa paka. Hata upepo uambie usubiri."

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Mwaka ule alioingia kwanza muuza gesi, tulipata nini?"

"Kunguni, Mama mdogo."

"Miezi mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na mwezi wa kumi na mbili?"

"Mende."

"Vizuri, unakumbuka." Akanishika bega. "Mwaka ukianza sawa, kibanda cha kahawa pale mbele ni chako. Ukianza vibaya, unarudi My Tho kwa dada yangu kunyonyoa bata."

Ndugu msomaji, bata nilinyonyoa miaka minne. Nilikuwa nikipiga chafya, manyoya yanatoka. Kibanda cha kahawa nilikiota kwa sababu moja tu: mnywaji kahawa wa asubuhi huangalia simu yake, hakuangalii wewe. Kwa mtu kama mimi hiyo ni pepo.

Mzee Loc mnamfahamu, yule mjane mwenye duka la helmeti mwanzo wa uchochoro, ambaye pia ni mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ana mali, ana afya, na zaidi ya yote, kwa kuwa kwetu kila mwaka una mnyama wake, yeye ni wa mwaka wa Joka. Mama mdogo ni wa mwaka wa Panya. Panya na Joka wakikutana, mali huingia bila kubisha hodi. Lakini Panya na Farasi hawakai nyumba moja. Mama mdogo alimwacha mchumba wake wa kwanza kwa sababu ni Farasi, akamfukuza fundi bomba kwa sababu ni Farasi, na bomba likavuja mwaka mzima huku yeye akilitazama kwa fahari.

Basi nikakaa. Uchochoro ulikuwa kimya. Watu wamekwenda kwao mikoani, waliobaki wamejifungia wakingoja wageni wao waliochaguliwa.

Ndipo nikamwona.

Alikuwa mzungu mrefu kama nguzo ya umeme. Shati jeusi. Kichwani amejifunga kitambaa cheupe kwa ajili ya jasho, kile kile ambacho sisi hufunga tukizika. Mgongoni ana begi lililompita kichwa.

Kila mlango aliopita ulifungwa. Kra! Kra! Kra!

Mama Tu, jirani yetu wa ng'ambo, akatoa pua kwenye nondo za dirisha.

"Mbingu weee! Thoa! Mfiwa anakuja! Na jeneza amebeba mwenyewe!"

Mzungu akatazama simu yake, akatazama kibao chetu, akatabasamu. Kitufe cha kijani kilikuwa kimefika, na kilikuwa na miguu.

Nikampungia mkono: nenda, nenda.

Akaja.

Baadaye aliniambia kwamba kitabu chake cha safari kinasema watu wa kwetu humwita mtu kwa kiganja kinachotazama chini. Ni kweli. Hakikusema tunamfukuzaje.

Nikapunga kwa mikono miwili.

Akaanza kukimbia.

Lango lilikuwa wazi nusu, kwa heshima ya Mzee Loc. Ningelisukuma tu. Mtu mwenye akili angelisukuma. Lakini mzungu alisimama mbele yangu, akaniangalia machoni, na mimi nikiangaliwa machoni mwili wangu huwa wa mtu mwingine. Kiingereza changu ni cha mashuka. Najua taulo, najua maji ya moto, najua pasipoti. "Tumefunga" sikuijua. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukatoa sentensi niliyoisema kila siku kwa miaka sita.

"Karibu. Vua viatu."

Akavua viatu. Akavuka kizingiti.

"Mzee Loc!" Mama mdogo aliimba kutoka ndani, akija na vazi lake refu jekundu. "Karibu, kaka, karibu na ..."

Akamwona mzungu.

Mzungu akainama kumsalimu. Alipoinama, begi likageuka naye. Likapiga meza ya madhabahu. Tikiti likatikisika, likafikiri kidogo, likaanguka.

Pwaa!

Mama Tu kule dirishani alikuwa na mkono mdomoni, na macho yake, Mungu anisamehe, yalikuwa ya mtu aliye kwenye sinema.

Nilitazama chini. Tikiti lilikuwa limepasuka katikati, na ndani lilikuwa jekundu. Si jekundu la kawaida. Jekundu la damu, jekundu la bahasha za sikukuu, wala hakuna mahali peupe hata pa kuweka kidole. Kwetu kusini kila nyumba hupasua tikiti siku hiyo, na likiwa jekundu mwaka una heri. Mama Tu lake la mwaka jana lilikuwa la waridi, akauguza mguu hadi Agosti.

Mama mdogo akapiga magoti.

"Thoa," alisema polepole. "Umewahi kuona tikiti jekundu hivi?"

"Sijawahi, Mama mdogo."

"Huyu mtu ni nani?"

"Mgeni."

"Naona ni mgeni, kichwa maji! Mbona amefunga kitambaa cha msiba?"

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikaruka, kwa sababu bila kuruka nisingefika, nikamng'oa mzungu kitambaa kichwani, nikapangusia maji ya tikiti sakafuni. Nilipokiinua kilikuwa chekundu.

"Si cha msiba, Mama mdogo. Ni chekundu."

Mzungu akakitazama kitambaa chake. Akasema asante.

Mama mdogo akasimama, akamzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mrefu. Meno yapo yote. Na amekuja na mzigo, hakuja mikono mitupu." Akageuka. "Muulize mwaka wa kuzaliwa."

Nikamuuliza mzungu kwa Kiingereza cha mashuka: pasipoti, wewe, mwaka, ngapi? Akafurahi sana kuulizwa.

"Elfu mbili na mbili," akasema.

Watu wa kwetu hatuhitaji kalenda. Nilihesabu kwenye vifundo vya vidole nyuma ya mgongo. Nikahesabu tena kuanzia kidole kingine, labda jibu litabadilika. Halikubadilika.

Farasi.

Nilisikia harufu ya bata.

"Amesema nini?" Mama mdogo akauliza.

"Elfu mbili," nikasema. "Joka."

"Mbona yeye amesema maneno mengi kuliko wewe?"

"Kwao nambari ni ndefu, Mama mdogo."

Hilo ndilo kosa la pili. Nimeliandika, sasa mnalijua, nichekeni.

Mama mdogo alipiga kelele ya furaha hadi paka akatoka chini ya friji. Joka! Kijana! Kutoka ng'ambo! Mzungu akakalishwa kwenye kiti cha Mzee Loc, akapewa bakuli la Mzee Loc, akajaziwa nyama ya nguruwe na mayai yaliyochemshwa kwa madafu, na vipande vya wali wa kunata uliofungwa majani ya mgomba vyenye unene wa mkono wangu. Jina lake Jorrit, Mholanzi. Alikula kama aliyefungwa jela.

Akiwa anakula, akanieleza alivyouona mji wetu, simu yake ikinitafsiria kwa maandishi. Alitoka uwanja wa ndege alfajiri, ndiyo mara yake ya kwanza upande huu wa dunia.

"Kitabu kilisema hapa kuna pikipiki mamilioni," akasema. "Kilisema kuvuka barabara kunahitaji moyo. Nikasimama ukingoni robo saa nikijipa moyo."

"Halafu?"

"Haikupita hata moja. Alipita kuku."

"Anasema nini?" Mama mdogo akauliza.

"Anasema barabara zetu ni nzuri."

"Nikaona majengo ya vioo yanayogusa mawingu," Jorrit akaendelea, "na maduka makubwa kuliko kijiji chetu, yote yamefungwa. Ndani ya treni mpya tulikuwa mimi na mwanamke mmoja aliyebeba mti wa maua kwenye chungu. Nikamuuliza kama kuna vita. Akanipa pipi."

"Anasema nini?"

"Anasema watu wetu ni wakarimu."

"Na hapa uchochoroni kila mtu alinipungia mkono, kisha akafunga mlango. Ni wapole sana, ila wana haraka."

"Na sasa?"

"Amesifu majirani, Mama mdogo."

"Basi huyo hajakutana na Mama Tu."

Mama Tu alikuwa keshafika langoni, amevaa mkufu.

"Bay, dada yangu," akasema kwa sauti ya asali, "ukimaliza kumtumia, nipitishie na mimi. Aingie tu, akae dakika mbili."

"Si ulimwita mfiwa?"

"Nani? Mimi? Nilisema mfanyabiashara. Masikio yako yanazeeka, Bay."

"Na jeneza?"

"Nilisema hazina! Mwone huyu, anataka kunigombanisha na baraka asubuhi yote hii."

Mama mdogo alimwambia arudi saa nane, na asivae mkufu ule kwa sababu unatisha. Kisha akaniita mbele ya madhabahu. Alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, jicho lenye maji.

"Thoa. Nilikuweka mlangoni nikidhani unajua kufunga tu. Kumbe unajua kumwachia anayestahili." Akafungua mkufu wa funguo kiunoni, akatoa mmoja mdogo wa shaba. "Kibanda cha kahawa. Kuanzia siku ya nne ya Tet, ni chako."

Ufunguo ulikuwa wa moto kutokana na kiuno chake. Niliufumbata. Nilitaka kulia na nilitaka kutapika, na yote mawili yalikuwa yakigombea njia moja.

Ndipo sauti ikasikika langoni.

"Hizi ni sandali au mitumbwi?"

Mzee Loc. Suti ya bluu, tai nyekundu, nywele zimelazwa kwa mafuta, mkononi helmeti mpya iliyofungwa utepe. Alisimama nje ya kizingiti akivitazama viatu vya Jorrit. Kisha akainua macho, akamwona Jorrit kwenye kiti chake, na yai la Mzee Loc mdomoni mwa Jorrit.

"Bay," akasema. "Nimepiga pasi soksi."

"Kaka Loc, usikasirike! Ingia uone tikiti! Mungu ametuletea Joka wa pili!"

"Miaka tisa mimi ndiye ninayefungua nyumba hii."

"Na utafunga! Kufunga nako kuna heri yake, sivyo Thoa?"

"Ndiyo, Mama mdogo," nikasema, ingawa sijawahi kusikia jambo hilo duniani.

Mzee Loc akaingia, akaketi kwenye kigoda changu kwa kukosa kiti. Magoti yalimfika kidevuni. Akamkazia Jorrit macho.

"Joka, eh? Nani amesema?"

"Thoa amemuuliza."

"Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi," akasema Mzee Loc, akitoa miwani mfukoni. "Mgeni anayelala huandikishwa, Tet au si Tet. Pasipoti."

Neno hilo Jorrit alilijua. Kabla sijamkanyaga mguu alikuwa ameitoa shingoni na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama kitabu kilivyomfundisha. Laiti kitabu kile kingepotea baharini.

Mzee Loc akafungua. Akasoma. Kidole gumba chake kikaanza kutembea kwenye vifundo vya vidole vingine, kimoja, cha pili, cha tatu. Kikasimama.

Akanitazama mimi. Akamtazama Mama mdogo, aliyekuwa anangoja na sahani ya nyama mkononi, uso umeng'aa kama wa msichana.

Akafunga pasipoti.

"Joka," akasema. "Joka safi kabisa."

Nusura nimbusu mguu.

"Thoa," akaongeza, "nioneshe jikoni nikanawe mikono."

Jikoni aliurudisha mlango polepole.

"Elfu mbili na mbili," akanong'ona.

"Nisamehe, Mjomba."

"Farasi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Farasi mzima, na kwato zake. Umemkalisha kwenye kiti changu."

"Alikuwa arudishe bata ... yaani, mimi nirudishwe kwa bata. Lakini Mjomba, mbona hukunisema?"

Mzee Loc akaketi juu ya gunia la mchele. Suti ikalia krr mahali fulani nyuma.

"Kwa sababu mimi pia ni Farasi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa uchungu zaidi.

"Mwaka wa kwanza aliniuliza mwaka wangu akiwa ameshika sahani. Ile nyama ya madafu, Thoa. Mvuke unaniingia puani. Nikaona nikisema Farasi, sahani inarudi jikoni. Nikasema Joka. Kisha kila Tet ikabidi niendelee kuwa Joka."

"Miaka tisa! Na nyumba imejaa wageni kila mwaka!"

"Kila mwaka."

"Isipokuwa mwaka wa kunguni."

"Mwaka ule nilikuwa na homa. Sikuja."

Tukalipima jambo hilo wote wawili.

"Sasa sikiliza," akasema. "Leo nilikuja kumposa."

"Kumposa nani?"

"Unadhani nani? Mzungu?"

Nikaufinya ufunguo kiganjani.

"Mposaji huleta mwaka wake wa kuzaliwa, ukalinganishwa na wa mke. Kitambulisho changu hakijui uongo. Kwa hiyo utamwambia wewe. Anza na huyo Mholanzi, mwambie ni Farasi na tikiti limekuwa jekundu vile vile. Akishakubali Farasi mmoja, mwingizie na mimi taratibu."

"Mjomba, mimi hata kumwambia chai imepoa siwezi!"

"Utaweza."

"Atachukua kibanda. Nitarudi kwa bata."

"Usipomwambia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejionea haya mwenyewe, "nitarudi pale mbele niseme miwani ilinidanganya. Nisamehe. Nina miaka mingi, na nimechoka kula nyama ile mara moja kwa mwaka."

"Lakini Mjomba, nikimwambia kwamba wewe ni Farasi ..."

Mlango ukafunguka.

Mama mdogo alikuwa amesimama na sahani. Nyuma yake Jorrit ameinama chini ya kizingiti cha juu, bakuli tupu mkononi, anatabasamu, anataka kuongezewa.

"Nimesikia neno," Mama mdogo akasema. "Ndani ya nyumba yangu. Asubuhi ya Tet." Mchuzi ulikuwa unatembea ukingoni mwa sahani. "Nani Farasi?"

Mzee Loc akatazama dari. Jorrit, akiona kila mtu ananitazama mimi, akanitazama pia, kwa upendo.

Nilifungua mdomo ninong'one, kama ninavyonong'ona siku zote. Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa hata Mama Tu akaisikia ng'ambo, na mpaka leo hunidhihaki nayo.

"Wako wawili, Mama mdogo."